Kioo cha Mselem

Saa nane za usiku. Chumba hiki ndicho pekee
Mombasa nzima chenye baridi ya kweli:
mashine haivumilii joto letu.
Wamemleta Mselem Bakhamis, fundi wa vioo wa Majengo.
Kidole chake cha shahada kilipotea ncha zamani, kazini,
na ndicho hicho walichokivisha kibanio cha kupimia hewa ya damu.
Themanini na sita.
Analitazama lile duara jeupe, anasema
kwa vipande, kila neno na bei yake:
"Dirisha hili... nani... kachukua kioo chake?"

Nacheka ndani ya barakoa mbili.
Naingia nyuma ya ukuta wa risasi,
risasi ya kukinga hii, si ile nyingine,
na kusema kwenye kipaza sauti
niliyokwisha kuyasema leo mara thelathini na moja:
Vuta pumzi. Ishike hapo hapo.
Akaishika hadi tatu. Ya nne ikamponyoka kwa kikohozi,
picha ikatikisika chini, karibu na kiwambo.
Nikamwomba tena.
Kumdai pumzi mtu asiye nayo!
Hata wenye nyumba wa Buxton huona haya.

Kisha akaanza kukatwa kwenye skrini,
vipande vyembamba, milimita kwa milimita,
kama mkate wa sinia uliokutwa na wageni wengi.
Pafu zima huwa jeusi. Weusi ndio niutakao;
sijui kazi nyingine ambamo giza ni habari njema.
Kwa Mselem kumepambazuka pasipotakiwa:
pembeni, nyuma, chini, kulia na kushoto,
weupe mwepesi umejilaza kingoni
kama chumvi itambaavyo kwenye madirisha ya Kizingo
hata uyafute kila Ijumaa.
Mahali pengine mistari imekatizana ndani ya weupe huo,
sakafu ya vigae vilivyovunjika, vikapangwa upya na mlevi.
Na chini kushoto, kiraka kimoja kizito
kisichopitisha kitu.

Daktari Rukiya ataandika asubuhi: kioo kilichosagwa,
mapafu yote mawili, yaelekea ni kirusi.
Ndivyo tulivyofundishwa kusema.

"Mkamburi," akaniita, amelisoma jina kifuani pangu,
"umeona nini?"
Si kazi yangu kujibu. Nikajibu.
Kioo, nikamwambia.
"Cha namna gani?"
Kilichosagwa.
Akakunja uso, uso wa fundi aliyeletewa vipimo vya uongo.
"Kilichosagwa... ni unga. Unga hautiwi... kwenye fremu.
Hicho ni... cha chooni. Twakipiga msasa... upande mmoja.
Mwanga wapita. Sura... haipiti."
Akapumzika. Maji ya oksijeni yakachemka chupani mwake.
"Mti ulio nyuma... wauona?"

Nikarudi kwenye skrini, nami nina kumi wanaosubiri.
Nyuma ya ukungu ule mishipa ilikuwa ingali ikigawanyika,
tawi kwa kitawi, hadi pale jicho lachoka.
Ila kwenye kiraka. Pale hapana tawi.
Nilikitazama kiraka kile muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nauona, nikasema. Karibu wote.
Aliisikia ile "karibu." Watu wa vipimo huisikia.
"Basi," akasema, "bado... si ukuta,"
akafumba macho, akawaachia wamsukume,
gurudumu moja la kitanda likilia njia nzima hadi wadi ya juu,
na Zuwena bintiye nyuma yake amebeba viatu vya babake mkononi,
kimoja ndani ya kingine.

Nikapangusa meza kwa dawa, nikasubiri ikauke.
Miwani yangu ilikuwa imefunikwa na ukungu
wa pumzi yangu mwenyewe, nzima, ya bure.
Sikuifuta kwanza.
Nikaita jina lililofuata
na mtu akaingia, mwanga bila sura.